Magita madogo ya wanafunzi: kwa nini vyombo vilivyodharauliwa vinatafutwa leo?

Mwezi Mei mwaka 2022, gita la umeme la rangi ya buluu lililochorwa mistari kwenye bodi liliuzwa mnadani nchini Marekani kwa takriban dola milioni 4.5. Lilikuwa Fender Mustang la mwaka 1969, na mmiliki wake alikuwa Kurt Cobain, kiongozi wa bendi ya Nirvana aliyefariki mwaka 1994. Mashabiki walilifahamu kupitia video ya wimbo "Smells Like Teen Spirit" ya mwaka 1991.

Ni wazi kwamba fedha hizo zililipiwa jina la mtu zaidi ya mbao na nyuzi. Lakini kuna jambo ambalo huenda halikutazamwa sana siku ile. Gita hilo lilipotoka kiwandani halikutengenezwa kwa ajili ya nyota. Lilikuwa chombo cha mwanafunzi, chenye shingo fupi na bei nafuu, ambacho wazazi walimnunulia mtoto aliyeanza masomo ya muziki na ambacho mtoto huyo alitarajiwa kukiacha akishakua.

Leo magita ya aina hiyo, hata yale ambayo hayajawahi kushikwa na mtu maarufu, yanatafutwa na wanamuziki na wakusanyaji. Katika makala hii tunaeleza magita hayo ni yapi, yalitoka wapi, ufupi wa nyuzi zake unabadilisha nini hasa, na mnunuzi wa leo anapaswa kujua nini kabla ya kutoa fedha yake.

Gita la mwanafunzi ni gita gani?

Kwa watengenezaji wa Marekani wa miaka ya 1950 na 1960, gita la mwanafunzi lilikuwa na sifa tatu. Kwanza, bei yake ilikuwa chini ya magita mengine ya kampuni hiyo hiyo. Pili, lilikuwa na vifaa vichache: pikapu moja au mbili, vitufe viwili vya kurekebisha sauti, na mapambo machache. Pikapu tunayoizungumzia hapa ni ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba ambayo hunasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Tatu, na hili ndilo tutakalolizungumzia zaidi, mara nyingi nyuzi zake zilikuwa fupi.

Tunaposema urefu wa uzi, hatumaanishi uzi mzima kutoka kwenye funguo za kukazia. Tunamaanisha sehemu inayotetema: kuanzia kijipande chenye mifereji kilicho mwanzoni mwa shingo, hadi kwenye daraja lililofungwa juu ya bodi. Wajuzi wa magita huanza na kipimo hiki wanapotaka kujua tabia ya gita.

Gita la Stratocaster au Telecaster la Fender lina urefu wa inchi 25.5, sawa na milimita 648. Magita mengi makubwa ya Gibson yana inchi 24.75, takriban milimita 629. Mustang na Bronco yana inchi 24, yaani milimita 610. Musicmaster na Duo-Sonic ya mwanzo yalikuwa na inchi 22.5 tu, takriban milimita 572. Tofauti kati ya Stratocaster na Musicmaster ni kama sentimita saba na nusu.

Ni vyema tusichanganye ufupi na urahisi wa bei. Mwaka 1962 Fender ilitoa gita la Jaguar lenye urefu wa inchi 24, na hilo liliuzwa kama gita la daraja la juu, lenye vyuma vinavyong'aa na swichi nyingi. Gita la besi la Höfner 500/1 lililopigwa na Paul McCartney wa The Beatles nalo lina nyuzi fupi, takriban inchi 30 badala ya 34 za besi ya kawaida ya Fender. Nyuzi fupi, kwa hiyo, hazikuwa ishara ya gita duni. Zilikuwa uamuzi kuhusu mkono wa mpigaji.

Yalianzaje?

Kampuni ya Leo Fender ilikuwa Fullerton, jimbo la California. Kabla ya magita yaliyompa umaarufu, Fender aliuza magita ya kulaza mapajani pamoja na amplifaya ndogo kama seti moja kwa wanaoanza. Yeye mwenyewe hakuwa mpiga gita. Alikuwa fundi wa redio, na alisikiliza wanamuziki na wauzaji walichomwambia. Katika Marekani ya miaka ya 1950, maduka mengi ya muziki yaliuza vyombo na masomo kwa pamoja, na mteja wao mkubwa alikuwa mtoto wa shule.

Mwaka 1956 Fender ilitoa magita mawili kwa ajili ya soko hilo. Musicmaster lilikuwa na pikapu moja karibu na shingo. Duo-Sonic lilikuwa na mbili. Yote mawili yalikuwa na inchi 22.5, bodi ndogo, na bamba la kinga la alumini lenye rangi ya dhahabu. Yalitoka katika kiwanda kile kile kilichotengeneza Stratocaster, kwa mashine zile zile na mikono ile ile. Hilo litakuwa na maana kubwa miaka mingi baadaye.

Gibson nayo ilikuwa na mpango wake. Les Paul Junior, gita lililopunguzwa mapambo, lilitoka mwaka 1954. Miaka miwili baadaye likafuatiwa na toleo la robo tatu lenye inchi 22.75. Mwaka 1959 likaja Melody Maker, nalo likiwa na toleo dogo la urefu huo huo.

Wale ambao hawakuweza kufika hata hapo walikuwa na njia nyingine: kuagiza kwa posta. Kampuni ya Sears iliuza magita kwa jina la Silvertone, na sehemu ya magita hayo ilitengenezwa na Danelectro, kampuni ya Nathan Daniel iliyokuwa New Jersey. Daniel alitumia fremu ya mbao iliyofunikwa kwa hadibodi, na pikapu zake aliziweka ndani ya mirija ya chuma ya aina ile inayowekewa rangi ya midomo. Mwaka 1962 ukaja mfano ambao watu wengi wa kizazi kile wanaukumbuka hadi leo: gita la Silvertone ambalo sanduku lake lilikuwa na amplifaya na spika ndani. Mtoto alifungua sanduku, akaunganisha waya mmoja, akapiga.

Kisha ikaja tarehe 9 Februari 1964. Siku hiyo The Beatles walitumbuiza katika kipindi cha Ed Sullivan, na watu wapatao milioni 73 walitazama. Vijana wa Marekani wakataka magita, na wakayataka mara moja. Mwaka huo huo Fender ikatoa Mustang, gita la mwanafunzi lakini lenye mkono wa kutikisa nyuzi, pikapu mbili, na chaguo la rangi nyekundu, nyeupe au buluu. Musicmaster na Duo-Sonic yakapewa bodi ya umbo hilo jipya, na mnunuzi akaweza kuchagua kati ya inchi 22.5 na 24. Januari 1965 shirika la CBS likainunua Fender kwa dola milioni 13. Mwaka 1967 likaongezwa gita la Bronco, lenye pikapu moja karibu na daraja.

Wakati huo huo viwanda vya Japani viliona pengo. Teisco, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946, ilipeleka Marekani magita mengi ya bei ya chini, mengine yakiwa na nyuzi fupi, swichi nyingi na maumbo ya ajabu, yakiuzwa kwa majina tofauti tofauti madukani. Mwaka 1967 Teisco ikachukuliwa na Kawai. Soko lilikuwa limejaa, na vijana wengi walikuwa wameshaliweka gita lao chini ya kitanda.

Nyuzi fupi hubadilisha nini?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sauti ya uzi hutegemea vitu vitatu: urefu wake, uzito wake na jinsi ulivyokazwa. Ukiufupisha uzi bila kubadilisha kitu kingine, sauti inapanda. Ili uzi mfupi utoe sauti ile ile ya uzi mrefu, ni lazima ulegezwe.

Kiasi cha kulegeza kinaweza kukokotolewa, kwa kuwa mkazo hufuata mraba wa urefu. Uzi ule ule, ukityuniwa sauti ile ile, huwa na mkazo pungufu kwa takriban asilimia 11 kwenye gita la inchi 24 ukilinganisha na la inchi 25.5. Kwenye gita la inchi 22.5 upungufu hufika asilimia 22. Kidole cha mtoto wa miaka tisa kinaihisi tofauti hiyo siku ya kwanza.

Umbali kati ya freti nao hupungua. Freti ni vile vijiti vyembamba vya chuma vilivyopigiliwa kwenye shingo. Kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya nne, ambayo ni nafasi ya vidole vinne, Stratocaster lina takriban milimita 134. Mustang lina 126, na Musicmaster la mwanzo lina 118. Kwa mtu mzima mwenye mkono mpana, sentimita moja na nusu ni kitu kidogo. Kwa mtoto, kwa mtu mwenye vidole vifupi, au kwa mzee ambaye viungo vya vidole vimeanza kukakamaa, ndiyo tofauti kati ya kodi inayotoka safi na ile inayokwama.

Tukumbuke pia kwamba nyuzi za miaka ya 1950 zilikuwa nene kuliko zinazouzwa leo. Nyuzi nyembamba ambazo sasa ni za kawaida zilienea baadaye. Kwa hiyo mtoto wa mwaka 1956 aliyewekewa gita kubwa alipambana na waya mnene uliokazwa sana kwenye shingo ndefu. Wengi waliacha, na hakuna aliyejua kama walikosa kipaji au walikosa chombo kinacholingana nao. Musicmaster lilikuwa jibu la kiufundi kwa tatizo hilo.

Lakini nyuzi zilizolegea zina upande wa pili. Uzi wenye mkazo mdogo hupanda sauti upesi unapobanwa kwa nguvu. Mtu anayeminya sana, na wanaoanza karibu wote huminya sana, husikia kodi zake zikiwa juu kidogo ya pale zinapopaswa kuwa. Kwa hiyo gita lililotengenezwa kuwa rahisi kwa mwanafunzi linamdai pia kitu ambacho mwanafunzi hana: mguso mwepesi. Walimu wa gita wanaolijua jambo hili huweka nyuzi nene kidogo kwenye magita mafupi, na tatizo hupungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa mkono wa mpigaji, uzi wa kipimo cha 10 kwenye gita la inchi 22.5 una mkazo karibu sawa na wa kipimo cha 9 kwenye Stratocaster. Anayetaka hisia ya kipimo cha 10 kwenye Mustang aweke 11, atafika karibu.

Sauti yake ikoje?

Uzi uliolegea hutoa sauti laini zaidi mwanzoni, isiyo na ule mlio mkali wa chuma, na hufifia mapema. Sauti nzito za nyuzi za chini huwa za duara badala ya kukaza. Uzi huvutwa kwa urahisi, na kuvuta kidogo tu hubadilisha sauti kwa kiasi kikubwa. Kwa mtu anayepiga ridhimu ya kukata kata, au melodi za polepole zenye kuyumbisha nyuzi, hiyo ni faida. Kwa anayehitaji sauti ndefu inayodumu, huenda isiwe.

Pikapu za Fender za magita haya hazikuwa za kubahatisha. Kwa ujenzi zilifanana na zile za Stratocaster, ila zilifunikwa kwa plastiki isiyo na matundu. Nguvu zake ziko karibu. Kwa sababu hiyo mtu anayesikiliza Musicmaster kwa mara ya kwanza kupitia amplifaya nzuri hushangaa: anatarajia mchezo wa kuchezea watoto, anasikia Fender.

Mustang lina jambo lake la pekee. Kila pikapu ina swichi yake ya kuteleza yenye nafasi tatu: katikati imezimwa, na pande zote mbili imewashwa, lakini upande mmoja umegeuzwa mwelekeo wa umeme. Pikapu zote mbili zikiwashwa kwa mielekeo inayopingana, sehemu kubwa ya sauti nzito hufutana, na kinachobaki ni sauti nyembamba ya puani. Peke yake inaweza kuonekana dhaifu. Ndani ya bendi, katikati ya besi na ngoma, inapenya bila kupiga kelele.

Pikapu za mirija za Danelectro hutoa mlio safi wenye mwangwi wa kikengele. Na pikapu za Teisco zenye uso wa karatasi ya dhahabu zilipata heshima mpya baada ya Ry Cooder, mpiga gita wa California, kuifunga moja kwenye Stratocaster lake.

Kwa nini yalidharauliwa, na nani aliyaokoa?

Neno mwanafunzi lilikuwa msaada wa mauzo katika mwaka 1956. Kufikia miaka ya 1970 lilikuwa mzigo. Hakuna mpiga gita aliyetaka kupanda jukwaani na chombo ambacho jina lake linasema bado hajahitimu. Duo-Sonic liliachwa mwaka 1969. Mapema katika miaka ya 1980 Mustang nalo likafuata.

Kulikuwa pia na sababu za kweli. Funguo za kukazia zilikuwa za bei ya chini. Daraja la Musicmaster na Duo-Sonic lilikuwa na vikalio vitatu kwa nyuzi sita, kwa hiyo kila nyuzi mbili zilishirikiana na haikuwezekana kuupanga kila uzi peke yake. Mkono wa kutikisa wa Mustang ulikuwa mtamu kwa kugusa, lakini lisipofungwa vizuri gita lilipoteza tuni katikati ya wimbo.

Hata hivyo magita haya hayakutoweka. Yalijaa kwenye maduka ya mitumba na yale ya kuweka rehani vitu, na yaliendelea kuuzwa kwa bei ambayo kijana asiye na kazi ya kudumu angeweza kuipata. Hilo ndilo lililoyaokoa. Jimi Hendrix, kabla dunia haijalifahamu jina lake, alionekana akipiga Duo-Sonic katikati ya miaka ya 1960. Adrian Belew aliligeuza Mustang kuwa chombo cha kutoa milio ya wanyama na mashine. Na mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wa bendi za kaskazini magharibi mwa Marekani walinunua walichoweza kumudu, na walichoweza kumudu kilikuwa hiki.

Kurt Cobain alikuwa mmoja wao. Alipiga kwa mkono wa kushoto, na magita ya mkono wa kushoto yalikuwa machache na ghali. Hakuficha kwamba Mustang lilikuwa na kasoro zake, lakini alilipenda kuliko mengine. Baadaye alikata picha za Jaguar na Mustang, akaziunganisha nusu kwa nusu, na Fender ikatengeneza gita kutokana na wazo hilo lililoitwa Jag-Stang. Liliingia madukani katikati ya miaka ya 1990, baada ya yeye kufariki.

Bei zinapopanda, nani anakosa?

Hapa tunafika kwenye swali linalowagawanya wapenzi wa magita haya. Maana nzima ya gita la mwanafunzi ilikuwa kwamba mtu asiye na fedha nyingi alipate. Sasa linapoitwa la kale na la thamani, mtu yule yule ndiye wa kwanza kusukumwa nje.

Bado Musicmaster au Mustang la miaka ya 1960 huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Stratocaster la umri huo. Kwa mtu anayetaka kumiliki Fender halisi la wakati ule, bado ndiyo njia iliyo wazi zaidi. Lakini nafuu hiyo hiyo imeleta hatari nyingine. Vipuri vya gita la mwanafunzi, yaani pikapu, vitufe, bamba la nyuma na hata skrubu, vinafanana au vinakaribiana na vya magita ghali ya mwaka ule ule. Baadhi ya wafanyabiashara waligundua kwamba gita likifunguliwa na kuuzwa kipande kimoja kimoja, huleta fedha zaidi ya likiuzwa zima. Teisco nyingi zimekufa kwa njia hiyo: pikapu ikatolewa, bodi ikatupwa.

Wapo wanaosema si hasara, kwa kuwa chombo kilikuwa cha hali ya chini na kipuri chake kinaendelea kuimba kwingine. Wengine wanajibu kwamba magita haya ni kumbukumbu ya namna watoto wa familia za kawaida walivyofundishwa muziki, na kumbukumbu hiyo haihifadhiwi na Stratocaster lililofungiwa kabatini. Kwa maoni yetu hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu moja rahisi: gita la mwanafunzi lililo zima bado linaweza kumfundisha mwanafunzi.

Ukitaka kununua: mambo ya kuangalia

Ununuzi mwingi wa magita haya hufanyika kwa mbali, kupitia mtandao, na mnunuzi huona picha tu. Haya ndiyo tunayopendekeza yaulizwe kabla ya kulipa.

Pima urefu wa uzi. Mwombe muuzaji apime kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya 12, kisha uzidishe mara mbili. Matangazo mengi husema tu kwamba gita ni fupi, na kuna tofauti kubwa kati ya inchi 22.5 na 24. Mtu mzima mwenye mkono wa kawaida huzoea inchi 24 ndani ya siku chache. Inchi 22.5 huenda ikambana karibu na mwisho wa shingo.

Uliza upana wa shingo. Fender ya miaka ya 1960 ilipiga mhuri kwenye kitako cha shingo, ukiwa na mwezi, mwaka na herufi ya mwisho. Herufi A ni shingo nyembamba ya takriban milimita 38 pale juu, na B ni takriban milimita 41. Tofauti ya milimita tatu huamua kama vidole vitapishana au vitagongana.

Soma namba za vitufe. Nyuma ya kila kitufe cha sauti kuna namba. Kwa mfano 137 6632: tarakimu tatu za kwanza ni za mtengenezaji, hapa kampuni ya CTS, 66 ni mwaka 1966, na 32 ni wiki ya 32. Namba inayoanza na 304 ni ya Stackpole. Kumbuka kwamba namba hiyo inaonyesha kitufe kilitengenezwa lini. Gita haliwezi kuwa la kabla ya hapo, lakini linaweza kuwa la miaka kadhaa baadaye, kwa kuwa Fender ya CBS ilinunua vitufe vingi mwaka 1966 na kuvitumia kwa muda mrefu.

Angalia rangi. Vijana wengi walipaka upya magita yao wenyewe. Rangi iliyorudiwa hushusha sana thamani kwa mkusanyaji, lakini haidhuru upigaji. Kwa anayenunua ili apige, hiyo ndiyo nafasi ya kupata gita zuri kwa bei ya chini.

Chunguza shingo na chuma. Magita ya bei ya chini zaidi ya miaka ile mara nyingi hayakuwa na fimbo ya chuma inayoweza kurekebishwa ndani ya shingo. Shingo ikishapinda, matengenezo yake ni ya gharama. Kwa wanaoishi pwani, iwe Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, unyevu na hewa ya chumvi hushambulia mbao na vyuma vya zamani kwa kasi. Gita likae ndani ya sanduku lililofungwa, na nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Usichomeke amplifaya ya kale ukutani. Amplifaya zilizotoka na magita haya, pamoja na zile za ndani ya sanduku la Silvertone, zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa takriban volti 120. Afrika Mashariki tunatumia volti 230 hadi 240. Ukiichomeka bila kifaa cha kushusha umeme, itaungua. Zaidi ya hapo, baadhi ya amplifaya ndogo za bei ya chini za enzi zile hazikuwa na transfoma ya kuutenga umeme wa ukutani na chuma cha chombo, na zinaweza kumpiga mtu shoti ya kuua. Fundi wa umeme aione kwanza, hata kama muuzaji anasema inawaka.

Je, lazima liwe la zamani?

Hapana. Faida kubwa ya nyuzi fupi inatokana na urefu wake, na urefu hauzeeki. Fender ilirudisha Mustang kupitia viwanda vya Japani mwaka 1990, na mwaka 1993 Duo-Sonic likaanza kutengenezwa Mexico. Mwaka 2016 yote mawili yalitoka tena yakiwa na inchi 24, madaraja yenye vikalio sita na funguo bora. Squier, tawi la bei nafuu la Fender, lina Mustang yake ya inchi 24, ambayo kwa mtoto anayeanza inafanya kazi ile ile iliyofanywa na Musicmaster mwaka 1956.

Mzazi anayemtafutia mtoto wa miaka minane hadi kumi gita la kwanza anaweza kuanza na kipimo hicho, aweke nyuzi za kipimo cha 10, na apeleke gita kwa fundi lirekebishwe kimo cha nyuzi. Marekebisho hayo hugharimu kidogo, na mara nyingi ndiyo yanayoamua kama mtoto atapiga kwa mwezi mmoja au kwa miaka.

Anayetafuta la kale ana sababu zake: mbao zilizokauka miongo sita, pikapu zilizofungwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa pia akifunga za Stratocaster, mikwaruzo ya mwanafunzi ambaye hatutalijua jina lake. Akilipata likiwa zima, tunamshauri asilifungue kuuza vipuri na asilifungie kabatini. Alikaze nyuzi mpya, na akitembelewa na mtoto anayelitazama kwa hamu, ampe alishike.